Gunia la Kasongo

Ngoie mwanangu,

Tangu tulipotoka misa mama yako ananichungulia kutoka jikoni. Ameuliza mara mbili naandika nini. Mara ya tatu alikuja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. "Baba Ngoie, mutoto anaenda Ndola, haendi Bulaya. Barua ya murefu hivi iko ya nini?" Nikamjibu kwamba ni mashauri. Akacheka. "Mashauri nilishamupa miye. Asiazime bantu nguo yake, asilale na kichwa majimaji, asikule kwa bantu asiobajua. Weye unabakisha gani?"

Kweli, mama yako amemaliza. Kwa hiyo hutasoma hapa namna ya kufunga sanduku, wala namna ya kuwasalimu Masista. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe si shauri, ni kosa langu. Nimelikalia tangu kabla hujazaliwa. Nitakupa karatasi hizi kesho gari la moshi litakapoanza kutembea, maana nyumbani ungenijia na maswali mbele ya mama yako, na mimi ningesema ni mambo ya zamani, tukaishia hapo.

Yote yameamka kwa sababu ya salamu ulizoletewa wiki mbili zilizopita. Yule mtu wa reli alikukuta sokoni, akakuambia ametumwa na Kasongo wa Ndola. Wewe Kasongo unamjua kwa jina tu: ndugu yangu wa kijiji kimoja, mkubwa wangu kidogo, seremala, ambaye atakupa chumba miaka yote ya masomo yako ya uuguzi. Bila nyumba yake hospitali ile isingekupokea, kwa maana msichana wa kutoka upande huu lazima awe na mtu mzima wa kumwekea sahihi. Salamu zake ulinirudia neno kwa neno: "Mutoto wa ndugu yangu iko mutoto yangu. Chumba iko tayari. Umwambie tena, baba yake njo muntu mumoja tu alinisimamia siku ile bantu bote balinikimbia."

Ulitua kikapu chini ukanitazama. Ulinitazama kwa namna ambayo hujawahi kunitazama, Ngoie, na nilipenda, sitakudanganya. Ukasema, "Papa, kumbe. Na hukutuambia hata siku moja." Nikaomba maji ya kunywa. Jioni ile sikumaliza matonge yangu ya bukari, mama yako akadhani ni tumbo, akanichemshia majani yake machungu. Nikayanywa yote. Tumbo langu lilikuwa zima kabisa.

Sasa sikiliza.

Wewe umeukuta mji huu unasema Kifaransa. Sisi tulipofika, Kasongo na mimi, tumetembea kutoka upande wa Kabongo mpaka Bukama na kupanda gari pale, tulikuta karakana za hapa zimejaa Waingereza. Walikuwa wamekuja na reli kutoka kusini, wakaja na lugha yao. Wabelgiji walishika ofisi, polisi na mahakama, lakini aliyekusimamia kazini mara nyingi alikuwa Mwingereza, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno matatu: lete, haraka, kwenda.

Wa kwetu tulimwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni hata akipanda juu ya behewa. Alisimamia karakana ya kutengeneza mabehewa. Alihitaji mkalimani, na mimi nikajitokeza. Nilikuwa nimeosha vyombo masika moja katika nyumba ya injinia wa Kiingereza. Nilijua sahani, maji ya moto, kesho, hapana, na matusi mawili. Kwa mtaji huo nikajiita mkalimani, wakanipa viatu.

Usicheke. Hujui viatu vile vilikuwa nini. Karakana nzima wavaa viatu tulikuwa wawili, mimi na kapita, mnyapara wetu. Wengine wote walikanyaga vyuma na makaa kwa nyayo zao. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Jumapili nilivipaka mafuta nikaenda navyo misa mapema, ili watu waingie baadaye wanikute navyo.

Kiingereza, mwanangu, unakijua kuliko nilivyokijua mimi siku zile, lakini hujakaa nacho kazini. Kitabuni kinavaa vizuri. Kazini kinasema jambo moja huku kikitaka lingine. Siku moja kazi ilikuwa inajikokota, Bwana Kiko akaniambia niwaambie watu wapandishe soksi zao. Nami, kwa sauti yangu ya viatu, nikatangaza: "Bwana anasema mupandishe soksi!" Watu wote wakainamisha macho kutazama nyayo zao. Hapakuwa na soksi hata moja katika karakana ile, labda za Bwana Kiko mwenyewe. Halafu Kasongo akainama, uso wake umekaa kama wa mtu anayepokea komunyo, akashika soksi isiyokuwapo, akaivuta taratibu mpaka gotini, akailainisha kwa kiganja. Akafanya na mguu wa pili. Karakana ikaanguka kwa kicheko, na Bwana Kiko akacheka mpaka kiko kikamtoka. Baadaye sana nilijua kwamba alitaka kusema tu, jikazeni, fanyeni vizuri zaidi.

Kasongo alikuwa hivyo. Nataka umjue hivyo kabla hujafika kwake.

Mara nyingine Bwana Kiko alitazama chuma chenye kutu akaniambia kinahitaji grisi ya kiwiko. Nikaenda mbio magazini, kwenye ghala la vifaa, kuomba grisi ya kiwiko. Mtunza magazini, Mkasai mmoja mpole, akaniambia, "Ndugu, kwangu iko tu ya magurudumu." Nikapeleka ya magurudumu. Bwana Kiko akanipiga bega akicheka, akadhani nimefanya mzaha. Kumbe grisi ya kiwiko ni nguvu za mkono wako, sugua mpaka jasho litoke.

Hapo ndipo ningejifunza. Badala yake nikajifunza kitu kibaya, kwamba kosa la mkalimani ni kichekesho, watu wanacheka na kazi inaendelea. Nikaanza mazoea. Neno nisilolijua nililijaza kwa kichwa changu, nikalisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa niligundua kuwa sauti ikiwa kubwa hakuna anayeuliza.

Sasa siku yenyewe. Behewa moja lilikuwa limepinduka uani, na Kasongo na wenzake walikuwa wamelipigania siku mbili kulisimamisha. Mikono imechanika. Asubuhi ya siku ya tatu Kasongo alinijia akasema, "Umwambie Bwana, bantu banaomba kupumzika mupaka saa sita, mikono haifungi tena." Maombi ya haki kabisa, na aliyasema kwa heshima, kofia mkononi. Lakini neno la kupumzika sikuwa nalo. Nililokuwa nalo ni hawataki. Nikamwambia Bwana Kiko hawataki.

Bwana Kiko hakupaza sauti. Laiti angepaza sauti. Alikung'uta kiko chake kwenye reli, akamtazama Kasongo, akaniambia kwa upole nimwambie amepata gunia. Kwa Kiingereza ni maneno machache, na yote niliyajua. Gunia nalijua. Kupata nakujua. Akageuka akaenda zake.

Nikamwambia Kasongo, "Bwana anasema umepata gunia."

Kasongo akaniuliza, "Gunia gani?"

Ni hapa, Ngoie. Maisha yangu yote nimerudi kusimama mahali hapa. Bwana Kiko alikuwa hatua tano mbele yangu. Ningeweza kumkimbilia nikamwambia, Bwana, sijaelewa, gunia gani? Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na nilikuwa nimesimama katika viatu vyangu. Nikawaza, wamefanya kazi siku mbili bila kulala vizuri, mke wa Kasongo amejifungua juzi juzi, bila shaka Bwana amemhurumia. Nikasema kwa sauti kubwa, "Gunia ya bunga. Enda kwa magazini, umwambie Bwana Kiko njo alisema."

Hakuna aliyenituma kusema unga. Unga niliutoa kichwani mwangu.

Yule Mkasai aliposikia jina la Bwana Kiko alitoa gunia bila neno. Kasongo akalitwika kichwani. Alipita katikati ya karakana akiimba, akapita langoni akiimba, akamsalimu mlinzi, akamwambia, "Mutoto yangu ameleta baraka." Mkewe Mwadi alikuwa na kitoto cha kwanza, hata mwezi kilikuwa hakijatimiza. Mwizi gani anapita langoni na sauti namna ile? Lakini saa ya kufunga kazi mtunza magazini alimtajia Bwana Kiko lile gunia kupitia karani wa ofisi, mimi nikiwa nimekwisha kutoka, na Bwana Kiko akasema hajampa mtu unga wowote, na mtu yule amemfukuza kazi asubuhi. Polisi walipofika nyumbani walimkuta Mwadi anachunga unga, maji ya bukari yako motoni.

Mimi sikuwa na habari. Jioni nilikwenda kwa mzee Juma, mpishi wa yule injinia niliyemwoshea vyombo. Mzee Juma alikuwa mtu wa Ujiji, ametembea na Waingereza tangu ujana wake. Nikampa habari njema kwamba ndugu yangu Kasongo amepewa gunia. Akaanza kucheka, akidhani namtania. Halafu nikamweleza habari za unga, akaacha kucheka, akaweka chini sufuria aliyokuwa anaikausha.

"Kijana, umemuua mwenzako," akasema. "Mwingereza akikufukuza kazi husema amekupa gunia. Ni gunia la kutilia vyombo vyako uende zako. Sisi kwetu tunasema fulani amemwaga unga. Na hawa Wabelgiji wako nasikia wanasema wamemweka mtu mlangoni. Kila watu na lao, lakini mwisho wake ni njaa ileile."

Nimekaa na maneno hayo ya mzee Juma miaka yote. Amepewa gunia, amemwaga unga. Laiti ningeyajua yote mawili asubuhi ile, au nisingejua hata moja.

Kulipokucha niliitwa kwa polisi. Mkubwa wao alikuwa Mbelgiji anayesema Kiswahili cha hapa vizuri. Kasongo alikuwa nje, ameketi chini pamoja na wengine, kamba mikononi. Mimi niliingizwa ndani peke yangu. Aliniuliza Bwana Kiko alisema nini. Nikamjibu kwamba alisema Kasongo amefukuzwa kazi, na hiyo ilikuwa kweli. Akaniuliza, "Na weye, ulimwambia nini?"

Nilivitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimekwenda pale kusema yote, nakuapia. Njia nzima nilikuwa nayapanga. Lakini nilipovitazama nikawaona wale wa karakana, nyayo zao na vyuma, nikajiona kati yao. Nikasema, "Nilimwambia amefukuzwa kazi."

Ile ndiyo tafsiri yangu ya kwanza iliyokuwa sahihi neno kwa neno. Ilichelewa siku moja.

Nilipotoka Kasongo aliinua kichwa akaniuliza kwa Kiluba kama nimewaambia. Nikamjibu nimewaambia. Akashusha pumzi. Akasema, "Aksanti, ndugu yangu." Siku ile hata Kiluba chetu nilikifanya kiwe na mlango wa nyuma.

Wale wa karakana walionisikia nikitaja unga hawakuthubutu kwenda kusema. Polisi wakampiga fimbo mbele ya watu wa kambi yetu ya reli baada ya mwito wa asubuhi. Nilikuwapo. Halafu wakamfunga. Kila Jumapili nilimpelekea bukari na mboga ya sombe, na kila Jumapili nilikwenda nimekusudia kumwambia. Nikifungua mdomo ananitangulia. "Bote balinikimbia, ni weye tu. Ulisema kweli, muzungu akaigeuza." Nikatazama anavyokula, nikajiambia Jumapili ijayo. Alipofunguliwa wakamkatalia kukaa mjini, naye akavuka mpaka kwa miguu akaenda Ndola. Mwadi alikuwa amekwisha kurudi Bukama na mtoto, maana nyumba ya kambi walimnyang'anya siku ileile mumewe alipokamatwa. Kule kwao aliolewa na mtu mwingine. Yule mtoto leo ni mwanamume mzima na hamjui baba yake. Ndola Kasongo akaoa upya, na mtoto wake wa kwanza wa kule amempa jina Ilunga. Jina langu, Ngoie.

Mimi? Mimi nilisifiwa. Bwana Kiko aliniita mtu wa kutegemewa. Nikabaki na viatu, nikaongezewa shati. Alipoondoka Bwana Kiko na Waingereza wenzake, Kifaransa kikashika karakana nzima, nikahamia kwenye ghala la mizigo ambako nimo mpaka leo. Kiingereza changu kililala mpaka wewe ulipofika miaka tisa ukaanza kukipenda.

Kuna jambo hapa ninalotaka kukuomba radhi. Unakumbuka jioni zetu na kile kitabu kilichochanika? Kila mstari ulisimama ukauliza, "Papa, hii maana yake nini?" Na lile neno la kikombe cha chai, la mtu kusema kitu fulani si kikombe chake cha chai, yaani hakipendi. Mama yako akalidaka tukiwa hatuna habari. Mama Kapinga, jirani yetu, alipomwalika kwenye kwaya akamjibu, "Ile haiko chai yangu," mwenzake akaenda kusimulia barazani kwamba nyumba hii wanamnyima mgeni chai. Tulicheka siku mbili. Lakini kuna jioni nyingine uliuliza mara ya tatu, ya nne, neno moja tu, nami nikafunga kitabu nikakuambia, "Unauliza sana, enda ukalale." Ulikwenda bila kulia. Sikukasirika kwa kuwa uliuliza sana. Nilikasirika kwa sababu uliuliza kirahisi namna ile, kama mtu anayeomba chumvi, na mimi jambo hilohilo lilinishinda mbele ya watu, mtu akapigwa fimbo. Nisamehe jioni ile.

Hospitalini utakuwa katikati ya daktari na mgonjwa. Najua, kwa kuwa Sista alisema wamekupenda kwa ajili ya lugha zako. Utamsikia daktari akisema mtu yuko chini ya hali ya hewa. Usimtazamishe mgonjwa juu, maana yake ni kwamba hajisikii vizuri. Atasema juma lijalo yule mama atakuwa amerudi miguuni. Maana yake atakuwa amepona, hata kama mguu wake haukuwa na neno. Lakini akisema mzee fulani yuko katika miguu yake ya mwisho, hapo simama, mwanangu. Hayo ni maneno ya kufa. Wanawe watakuwa wanautazama mdomo wako, na ukisema habari za miguu watakwenda kumtafutia fimbo ya kutembelea wakati walipaswa kumwita padri.

Yapo mengine mengi nisiyoyajua. Utakapokutana nayo, mwambie daktari hujaelewa, aseme tena kwa maneno mengine. Atakunja uso. Mwache akunje, uso wa daktari hupona. Sikuandikii hili kama mwalimu. Nakuandikia kama mtu aliyekuwa na hatua tano tu za kutembea na hakuzitembea.

Nimefika mahali pagumu. Kesho kutwa utalala katika nyumba ya Kasongo. Utakula kwake, na atakusimulia habari za baba yako aliyemsimamia, kwa sababu namjua, atazisimulia usiku wa kwanza na mtoto wake Ilunga ameketi kando. Nawe utasikiliza ukijua. Au utasikiliza bila kujua, kama ningenyamaza, na hilo nililiwaza pia. Niliwaza kwa siku kumi nzima. Nilijiambia, mwache mtoto asome kwanza, miaka mitatu si mingi, akishapata cheti nitakwenda kumwambia Kasongo. Halafu nikaitambua sauti. Ni ileile ya Jumapili ijayo.

Nikawaza tena nikupe wewe maneno, umfikishie. Una ulimi mzuri, ungeyasema kwa upole kuliko mimi. Nikaona aibu hata kulifikiria. Mtu yule ameharibiwa na maneno yaliyopitia mdomo wa mtu wa katikati. Safari hii hakuna wa katikati.

Ndiyo maana unaniona nimeketi mbele yako garini, na mama yako tumemwacha stesheni peke yake. Karatasi ya njia, ya kuvukia mpaka, niliiomba kwa serikali siku ya pili baada ya zile salamu, kabla sijajua kama nitaitumia. Mama yako nilimwambia juzi kwamba nakusindikiza mpaka Ndola kwa ajili ya sanduku. Akanitazama. "Sanduku iko na mupini," akasema, "na mutoto iko na mikono." Halafu akaenda kulipiga pasi shati langu la pili. Nadhani kuna kitu anakijua, mama yako, au amejua siku zote kuna kitu bila kujua ni kipi.

Tukifika sitakula kwanza. Nitamwomba Kasongo tutoke nje, na nitamwambia kwa Kiluba: unga niliusema mimi, na kwa polisi nilisema uongo. Hayo tu. Sitamweleza habari za viatu asije akadhani nataka anihurumie. Wewe kaa ndani na mama wa nyumba, msaidie mboga, usifungue mdomo.

Sijui atafanya nini. Namjua Kasongo wa soksi, na huyu mwingine simjui, aliyekaa miaka yote hii mbali na mwanawe kwa ajili yangu. Anaweza kunipiga. Anaweza kunyamaza, na hilo ndilo naliogopa zaidi. Anaweza kumwita huyo Ilunga wake atutolee sanduku nje, sahihi asiweke, na hospitali ikupe jibu kwamba mwenye nyumba hayupo. Nilimwuliza Sista kama kuna kitanda kwao, akasema hakuna mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo naweza kukupotezea mwaka, labda masomo yote, wewe ambaye hukumwambia mtu yeyote neno baya. Naiona haki yako, mwanangu. Si vizuri kwamba unalipia kinywa changu. Inaniuma, na nimeandika mstari huu mara tatu nikitafuta namna nzuri zaidi ya kuusema, na namna nzuri zaidi haipo.

Nakupenda, Ngoie. Katika nyumba yetu hatusemi hivyo, tunasema umekula? Basi hapa nimelisema lenyewe.

Saa chache kabla ya Sakania gari linakwenda polepole, kuna wakati wa kutosha. Sakania watatukagua karatasi, na gari la kurudi linasimama hapohapo upande wa pili. Utakuwa umemaliza kusoma. Najua utakunja karatasi hizi vizuri, na kisha kwa adabu uliyopewa na mama yako utaniomba nishuke nirudi nyumbani, nikungoje umalize masomo kwanza. Hutakuwa umekosea kuniomba.

Sitashuka.

Baba yako,
Ilunga